Nani Alipiga Wimbo wa Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta rundo la CD limepangwa vizuri juu ya meza yangu, karibu arobaini, na zote zilikuwa za muziki wa Afrika. Mhariri mkuu, Mbelgiji mrefu mwenye sauti ya upole, alisimama pembeni akisugua viganja kama mtu aliyeandaa zawadi na sasa anasubiri ifunguliwe.

"Tumetafuta mtu wa ukurasa huu muda mrefu sana," alisema.

Nilizitazama zile CD. Baadhi nilizijua, na nyingine nilizipenda kweli. Lakini barua yangu ya kuomba kazi ilikuwa na makala tatu, na zote tatu zilihusu bendi za roki za hapa Brussels, bendi za watu wenye suruali zilizochanika magotini na magitaa yanayounguruma kama lori linalopanda mlima.

"Asante sana," nilimjibu, "lakini mimi niliomba kazi ya roki."

 Ofisini walikuwamo wanaume saba, katika ghorofa ya tatu juu ya duka la baiskeli, na wote waliinua vichwa kutoka kwenye kompyuta zao. Mmoja akacheka kidogo. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama tunavyocheka mtoto akisema atakuwa rubani. Huyo ndiye aliyekuwa mhakiki mkubwa wa jarida, mtu wa miaka sitini hivi, aliyevaa koti lile lile la ngozi kiangazi na kipupwe. Wasomaji walimwogopa, na wanamuziki walimwogopa zaidi. Alizungusha kiti chake, akaniuliza mpiga besi wa bendi fulani ya Kiingereza alikuwa nani kwenye albamu yao ya pili.

Nilimjibu. Akaniuliza na wa albamu ya nne. Nikamwambia albamu ya nne haikuwa na mpiga besi, besi yote ilipigwa kwa kinanda.

"Mh," akasema, akageuza kiti chake kurudi alikotoka.

Nilidhani mtihani umekwisha. Uliendelea miaka minne.

Inabidi niseme nilikotoa masikio yangu, maana hayakutoka shuleni. Nilizaliwa Morogoro, na mjomba wangu alikuwa fundi wa amplifaya. Bendi za dansi zilipokuwa zikipita mjini na vyombo vyao vikagoma, viliishia kwenye kibanda chake chenye harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya. Nikitoka shule nilikwenda pale kumshikia tochi. Alikuwa na mchezo mmoja aliopenda kunifanyia. Wapigaji wakija kujaribu vyombo vilivyotengenezwa, aliniambia, "Geukia ukutani. Haya, nani anapiga sasa?" Nami nikiwa nimetazama ukuta, nilitakiwa kumtambua mtu kwa mkono wake tu. Huyu anakwangua nyuzi kwa kipande cha plastiki. Huyu anapiga kwa vidole viwili, dole gumba likitembea chini kama mtu wa pili. Huyu amechoka. Huyu amegombana na mwenzake. Kufikia miaka kumi na miwili nilikuwa sikosei mara nyingi.

Roki niliikuta Brussels, nilipokuja kusoma. Nilikodi chumba Ganshoren, mtaa mtulivu ambako hata mbwa hubweka kwa adabu, na jirani yangu wa chini alikuwa mzee mjane aliyekuwa na sahani za santuri ukuta mzima. Aliponisikia nikirudi kutoka chuoni alinigongea dari kwa fagio, na nilipodhani analalamika, kumbe alikuwa ananiita nishuke nisikilize. Nilishuka. Kwa mara ya kwanza nilisikia gitaa likipigwa na mtu aliyetaka kuuvunja ukuta, nikasema moyoni, huyu naye nitamjua akipiga gizani.

Basi kwenye jarida nilianzia chini. Nilipewa orodha ya matamasha ya mwezi, ile ya herufi ndogo ambayo hakuna anayeisoma mpaka ikosewe. Baadaye nikapewa bendi ambazo hakuna aliyezitaka. Nilikwenda kuziona zikifanya mazoezi mchana katika maghala na vyumba vya chini, nikirudi nywele zangu zikinuka sigara za watu wengine. Nilijifunza mambo ambayo wenzangu wa kiume hawakuhitaji kujifunza. Nilijifunza kufika na barua ya mwaliko mkononi, si mfukoni, kwa sababu mlinzi wa mlango wa nyuma alikuwa na uhakika mimi ni mchumba wa mtu fulani ndani. Nilijifunza kumwambia mpiga picha wetu akae nyuma yangu, la sivyo mwimbaji angejibu maswali yangu yote akimtazama yeye. Kuna mmoja niliyemuuliza maswali sita, na yote sita akampelekea mpiga picha. Swali la saba nikanyamaza. Mpiga picha, mtu mwema, akasema, "Mimi nashika kamera tu. Anayeuliza ni Madame." Yule mwimbaji akanigeukia kana kwamba ndipo nilipoingia chumbani.

Makala zangu nilizitia sahihi kwa herufi za mwanzo za majina yangu, kama ilivyo desturi ya jarida. Wasomaji walipoanza kuniandikia, barua zao zilianza "Bwana mpendwa". Bwana, tathmini yako ya wapiga ngoma wawili ilikuwa ya haki. Bwana, inaonekana wewe mwenyewe umepiga katika bendi. Wenzangu walicheka sana, na mimi nilicheka nao, lakini zile barua nilizitunza kwenye droo. Zilinifurahisha kwa namna yake. Watu hao walikuwa wamesoma maneno yangu tu, hawajaona uso wangu, wala nywele zangu, wala sketi yangu, na walikuwa wameyaamini.

Mwaka wa nne wa kazi, bendi moja kongwe ya hapa nchini iliamua kutoa upya albamu yake maarufu, iliyosafishwa sauti kutoka kwenye kanda za asili. Sitaitaja bendi hiyo. Inatosha kusema kwamba watu wa rika fulani hapa Brussels wanaijua albamu ile kama wanavyojua namba ya nyumba yao, na kwamba mpiga gitaa wake alihesabiwa kuwa mkono bora kuwahi kutokea katika nchi hii. Jarida liliamua kuipa kurasa nane. Kurasa hizo zilikuwa za mhakiki mkubwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi nilipewa kisanduku kidogo pembeni, chenye maneno mia mbili, kuhusu vyombo vilivyotumika: gitaa gani, amplifaya gani. Hakuna mwingine aliyekitaka. Nilikipokea kwa furaha, maana amplifaya ni mambo ya nyumbani kwetu.

Nilikaa na zile kanda zilizosafishwa siku mbili, hedifoni masikioni. Wimbo wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa, mtu mwenye nguvu, anapiga kwa plastiki, anakwangua kuelekea chini kila mara. Wimbo wa tatu ulipoanza nilisimamisha kanda. Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena, nikafumba macho.

Dole gumba lilikuwa linatembea chini, peke yake, kama mtu wa pili. Kidole cha shahada kilikuwa juu, kinaimba. Hapakuwa na plastiki kabisa. Na zaidi ya hilo, mtindo ule nilikuwa naujua. Haukutoka kwenye maghala ya Brussels. Ulitoka kwenye dansi letu, kwenye magitaa ya upande wa Maziwa Makuu, tena ulikuwa umewekwa ndani ya wimbo wa roki kwa ustadi uliofanya watu wausikie miaka thelathini na zaidi bila kuuona. Nilisikiliza albamu nzima. Katika nyimbo kumi, tano zilikuwa za mkono huo wa pili.

Nilimwendea mhakiki mkubwa mezani kwake.

"Kuna watu wawili wanapiga gitaa kwenye albamu hii," nilimwambia.

Hakuinua kichwa. "Kuna mmoja. Jina lake liko kwenye jalada."

"Wimbo wa tatu si yeye."

Hapo aliniangalia, akavua miwani. "Binti, mimi nilikuwepo walipoipiga albamu hii jukwaani mara ya kwanza. Nimeisikiliza miaka yote hiyo. Wewe umeisikiliza tangu lini?"

"Tangu jana," nikasema.

Walicheka wote, na hata mhariri mkuu alitabasamu kwenye kikombe chake cha kahawa. Nilirudi kwenye kiti changu uso ukiwaka. Sikuwa na hasira na wao sana. Nilikuwa na hasira na nafsi yangu, kwa sababu kwa muda wa dakika tano hivi niliwaamini wao kuliko masikio yangu. Kisha nikavaa hedifoni tena. Dole gumba lilikuwa pale pale.

Mahojiano yalifanyika Alhamisi mchana katika chumba cha mazoezi cha bendi. Mhakiki mkubwa aliuliza maswali yake kwa saa nzima, na mpiga gitaa alijibu vizuri, kwa ucheshi, kama mtu aliyejibu maswali hayo mara mia. Alikuwa na mvi sasa, na vidole vyenye mafundo. Mwisho mhakiki akanionyesha kwa kidevu. "Mwenzangu ana maswali mawili ya vyombo."

Nilimuuliza kuhusu amplifaya, akanieleza. Nilimuuliza kuhusu gitaa, akanionyesha, lilikuwa limesimama pale pale kando ya kiti chake. Kisha nikamwambia, "Wimbo wa tatu ulipigwa kwa plastiki au kwa vidole?"

"Plastiki," alisema haraka. "Mimi siku zote napiga kwa plastiki."

"Naomba unipigie mwanzo wake. Sekunde kumi tu, niweze kuueleza kwa wasomaji."

Mhakiki alikunja uso. Lakini gitaa lilikuwa karibu, na mwanamuziki akiombwa kupiga, hupiga. Alilichukua, akaliweka pajani, akaanza. Noti zilikuwa zenyewe. Mkono haukuwa wenyewe. Alianza mara ya pili, polepole zaidi, akasimama katikati. Chumbani ikasikika ile sauti ndogo ya amplifaya iliyowashwa ambayo hakuna anayeipigia.  Aliweka mkono juu ya nyuzi.

"Nilijua siku moja mtu ataniuliza," alisema. "Nilidhani atakuwa mpiga gitaa mwenzangu."

Mhakiki mkubwa aliacha kuandika.

Mpiga gitaa akatueleza. Wakati wa kurekodi aliumia kifundo cha mkono, na studio ilikuwa imekwisha kupangwa. Mpiga ngoma wao alimfahamu msichana mmoja Mkongomani aliyekuwa akisomea uuguzi, aliyepiga gitaa kanisani. Alikuja na gitaa lake ndani ya mfuko wa kitambaa, akasikiliza nyimbo mara mbili, akapiga tano kwa siku tatu. Wanabendi walikuwa wakitazamana nyuma ya kioo cha studio, alisema, hawaamini. Halafu ikaja siku ya kupiga picha ya jalada, na watu wa kampuni ya santuri wakasema bendi ni wanaume wanne, wasomaji wa magazeti wamekwisha kuwazoea wanaume wanne, mambo yasichanganywe. Jina lake halikuandikwa.

"Na wewe ulisema nini?" nilimuuliza.

"Sikusema kitu," alijibu. "Miaka yote hii watu wamenipa mkono kwa ajili ya wimbo ule, na mimi nimewapa wangu."

Aliniambia niache kinasa sauti kiendelee. Kwa hilo nitamheshimu daima.

Alikumbuka jina moja tu la yule msichana, la ubatizo, na kwamba alitoka Bukavu. Kwa mtu mwingine pale ofisini hiyo ingekuwa kama kuambiwa tafuta sindano baharini. Mimi nilishuka kwenye basi pale Chaussée de Wavre, barabara ya maduka ya Wakongomani, Jumamosi asubuhi, nikaingia katika duka la vitenge ambako hununua vitambaa vya sikukuu, nikamuuliza mwenye duka, mama wa Kikongomani aliyejua habari za kila kwaya mjini. Alikuwa anapima kitambaa kwa mkono wake. Hakuacha hata kupima.

"Maman wa gitaa? Iko Berchem, kule ku bâtiments, ku magorofa. Alikuwa anafanya kazi mu maison de repos, kule banatunza bazee, sasa alishaingia pension, anapumuzika. Unamutakia nini?"

"Nataka kumsikiliza," nikasema.

Akaniandikia namba nyuma ya risiti.

Mara ya kwanza nilipokwenda Berchem-Sainte-Agathe, aliniambia kupitia kwenye kile kisemeo cha mlangoni, kwa Kifaransa, kwamba hahitaji kununua chochote. Mara ya pili nilizungumza Kiswahili. Mlango ukalia na kufunguka.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye kilemba cha nyumbani na miwani ikining'inia kifuani. Alinikaribisha chai. Nilipotaja albamu, akaweka kikombe chini.

"Hapana, mama. Ile mambo iliisha."

"Maman, mimi ninafanya kazi kwenye jarida la roki. Nilikusikia kwenye wimbo wa tatu."

"Ulinisikia namna gani? Jina yangu haiko."

"Nilisikia dole gumba."

 Akaanza kucheka, kicheko cha chinichini ambacho kilimtikisa mabega, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Dole gumba! Bon. Kunywa chai yako, mutoto. Itapoa."

Siku ile hakusema zaidi kuhusu albamu. Nilizungumza naye habari za Morogoro na Bukavu, mvua za kwao na mvua za huku. Niliporudi mara ya tatu alikuwa amelitoa gitaa kwenye kabati. Lilikuwa dogo, rangi imebanduka pale kiganja kinapopumzika.

"Bale bavijana balikuwa bazuri, sikatai," alianza mwenyewe, bila mimi kuuliza. "Balinipatia chakula, balinirudisha nyumbani na motokari. Mais siku ya photo, muntu mumoja wa kampuni akaniambia, wewe ungojee ku mlango. Donc, nikangojea. Nikaona bananyoosha nywele, banasimama, bananunisha uso kama bantu ba roki." Akaiga, akanunisha uso, na mimi nikacheka. "Bakamaliza. Nikachukua gitaa yangu, nikaenda. Asubuhi yake nilikuwa na examen ya anatomie ku chuo."

"Ulilia?"

"Hapana. Nilipata dix-sept sur vingt."

Alizitaja hizo kumi na saba kwa ishirini akiwa amenyoosha mgongo, na nilielewa kwamba nilikuwa mbele ya mtu ambaye hakuwa ameketi miaka yote hiyo akisubiri kuokolewa na mimi. Alikuwa amelea watoto watatu na kuwaosha wazee wa Kibelgiji wasiohesabika. Kila Jumapili alikuwa akipiga gitaa kanisani, mbele ya watu waliomjua kwa jina. Kilichokosekana kilikuwa kwenye jalada la albamu. Kwake hakikukosekana kitu.

Nilimwomba aje apige mbele ya mtu mmoja mwenye mashaka. Akasema yeye haendi popote, huyo mwenye mashaka aje yeye.

Kwa hiyo mhakiki mkubwa alikuja. Sikuwa nimetegemea. Baada ya mahojiano yale hakuwa amenisemesha siku tatu, na kwenye mkutano wa toleo alisema kukiri kwa mtu mmoja mzee hakutoshi, lazima tusikie. Mhariri mkuu alikubaliana naye, na mimi pia nilikubali, maana alikuwa na haki. Tulipanda tramu pamoja bila kuzungumza, yeye na koti lake la ngozi. Maman alimkaribisha kwa Kifaransa safi, akamketisha kwenye kiti kizuri, akamuuliza kama anatumia sukari. Halafu akaliweka gitaa pajani, akapiga wimbo wa tatu kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kosa, akitazama nje dirishani ambako mtu alikuwa anaegesha gari.

Nilikuwa namtazama mhakiki. Katikati ya wimbo aliweka mkono mdomoni. Ulipokwisha hakupiga makofi. Alisema, "Madame, nimeandika habari za mkono huu mara nyingi sana. Nimeandika kwamba ni mkono wa mwanamume aliyelelewa katika mvua ya kaskazini."

"Mvua ilikuwepo," Maman alimjibu. "Bukavu inanyesha sana."

Kwenye tramu ya kurudi alizungumza mwishowe, akiangalia mbele. "Kurasa nane ni zako. Mimi nitaandika kisanduku cha vyombo." Baada ya kituo kimoja akaongeza, "Utanisaidia kwenye amplifaya. Sizijui vizuri."

Nikamwambia nitamsaidia.

Nilizifanyia kazi kurasa zile kuliko kitu chochote nilichoandika kabla. Sikuziandika kama hadithi ya mtu aliyeonewa, kwa sababu Maman alinikataza. "Usiniweke mu huruma," alisema. Niliandika kuhusu mkono: jinsi dole gumba lilivyoshika mwendo, jinsi ngoma ilivyolazimika kulifuata, jinsi bendi nyingi za hapa zilivyoiga mtindo ule bila kujua zinamwiga nani. Habari ya mlangoni na ya picha niliiweka katika aya moja, fupi, na ukweli wake ulitosha. Mpiga picha wetu alikwenda Berchem akampiga picha akiwa ameketi na gitaa lake, hakununa, alitabasamu. Mhariri mkuu aliiweka picha hiyo jalada la mbele. Kwa mara ya kwanza niliomba jina langu liandikwe kamili chini ya makala.

Toleo lilipotoka nilipita kwenye kibanda cha magazeti karibu na kituo changu, nikasimama ng'ambo ya barabara kama mwizi, nikitazama nani atalichukua. Mwanamume mmoja alilichukua, akalifungua akiwa amesimama, akasoma mpaka basi lake likamwacha. Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza. Chaussée de Wavre, mwenye duka la vitenge alilibandika jalada dirishani katikati ya vitambaa. Kampuni iliyotoa albamu upya ilichapisha jalada jingine lenye jina la Maman, na mpiga gitaa alilipeleka Berchem mwenyewe, kwa miguu yake, akakaa saa tatu.

Barua pia zilikuja. Wengine walikasirika kwamba nimewaharibia wimbo. Mwalimu mmoja wa gitaa aliandika kwamba miaka ishirini amewafundisha wanafunzi wimbo ule kwa plastiki, na sasa anaanza upya. Na msichana mmoja wa kidato cha mwisho aliandika akiuliza ni masomo gani mtu anasoma ili awe kama mimi. Nilikaa na barua hiyo nusu siku. Nilimjibu kurasa mbili, kwa mkono.

Sisemi kwamba mambo yote yalinyooka. Bado kuna walinzi wa milango wanaotafuta mchumba wangu. Mwaka jana meneja mmoja aliniuliza mwandishi atafika saa ngapi. Lakini ofisini kwetu leo tuko wanawake watatu. Mhakiki mkubwa alipostaafu, meza yake ya pembeni, ile yenye dirisha, nilipewa mimi, na hakuna aliyecheka.

Kazi ninayojivunia zaidi, hata hivyo, haikuchapishwa popote. Wiki mbili baada ya toleo kutoka, Maman alinipigia simu. Alikuwa na dada mkubwa Bukavu, mwanamke wa miaka themanini ambaye Kifaransa hakijui. "Anataka kujua magazeti inasema nini juu yangu. Mimi naona haya kujisoma mwenyewe. Andika mu Kiswahili, umutumie."

Nilikaa jikoni Ganshoren Jumapili nzima. Miaka yote nilikuwa nimeandika roki kwa Kifaransa tu, na sasa nilitakiwa kumweleza bibi wa Bukavu, kwa lugha ya mama yangu, gitaa linavyounguruma na kwa nini watu wanalipenda. Maneno mengine sikuwa nayo, nikayatafuta. Nilikumbuka mafundi na wapigaji walivyokuwa wakizungumza kibandani kwa mjomba, gitaa "linalia", besi "inakokota", ngoma "inakata", nikayatumia yote. Jioni niliisoma makala nzima kwa sauti, nikijirekodi kwenye simu, vipande kumi na moja, nikavituma.

Jibu lilikuja kesho yake mchana, nikiwa kwenye mkutano wa toleo. Nilitoka nje kwenye ngazi nikasikiliza. Ilikuwa sauti ya mzee, ya polepole, na kuku nyuma yake.

"Aksanti, mutoto wangu. Nimesikia yote. Batu ba nyumba nzima balikuja kusikiliza. Ile gitaa, ni mimi njo nilimununulia, alipokuwa anaenda Ulaya, mama yetu akasema, unamupatia gitaa anaenda kusoma? Nikamuambia, atasoma na atapiga. Sasa uniambie. Ule wimbo tunaweza kuupata wapi?"

Nilirudi ndani, nikawaambia wenzangu wasubiri kidogo, nikautafuta wimbo wa tatu, nikautuma Bukavu.